Mboga Zilizofika Kabla ya Wageni

Bado yuko jikoni, msomaji. Wewe umekula wiki nzima, umelala, umekwenda kazini na kurudi. Mama Mafungu amesimama palepale tulipomwacha, mkono ndani ya kikapu cha mpishi, macho yamemtoka kama mtu aliyekuta gauni lake limevaliwa na mwanamke asiyemjua.

Kwa aliyechelewa kufika, nitasema mara moja tu. Mama Mafungu anauza mchicha sokoni kwa mafungu, na jina lilimjia hapo. Jana familia ya mumewe ilimpakia garini, mwendo wa saa sita, wakamleta katika nyumba hii ya wageni ambayo ukutani imeandika kwa herufi kubwa: CHAKULA CHETU HAKIJAWAHI KUPANDA GARI. Kila kinachoingia mdomoni mwa mgeni, wanasema, kimeota hapahapa. Na leo, sahani zikishaondolewa mezani, mwenye nyumba anataka mama mkwe atie sahihi karatasi ya kumwachia shamba la kando ya mto, shamba ambalo Mama Mafungu amelilima kwa miaka kumi na minne.

Ndani ya kikapu hicho amekuta fungu la mchicha. Na fungu hilo limefungwa kwa mikono yake mwenyewe.

"Toka humo!"

Alikuwa mpishi, mwanamke mnene mwenye upawa mkononi.

"Wageni hawaingii jikoni. Hukusoma mlangoni?"

"Nimesoma. Hii mboga imetoka wapi?"

"Bustanini."

"Bustani ipi?"

"Si ile pale mbele."

"Ile yenye matuta manne na kibao?"

"Hiyohiyo."

"Dada yangu," Mama Mafungu akasema polepole, "matuta manne yanalisha vyumba kumi na viwili, asubuhi, mchana na jioni? Hayo ni matuta au ni muujiza? Maana miujiza naijua, na huwa haina kibao."

Mpishi akashusha upawa. Akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"Mama, mimi naletewa, napika. Usiniponze. Kazi ninayo hii moja."

"Anayeleta ni nani?"

"Gari jeupe. Jumanne na Ijumaa. Limejaa barafu. Mchicha, nyanya, mayai, hata ndimu. Kitu cha hapa ni maji tu, na hayo nayo yanakatika."

Gari jeupe! Mama Mafungu akashika ukingo wa meza.

Alilijua gari hilo. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri lilisimama mbele ya meza yake sokoni. Dereva wake alichukua mafungu arobaini, akisema ni ya watoto wa shule ya bweni. "Watoto wanyonge, mama, hawajui mboga." Na yeye, kwa huruma, alikuwa akiongeza mafungu matatu ya bure. Si hayo tu. Kila jioni, kabla ya kulala, alipiga magoti kando ya kitanda na kuwaombea wanafunzi wale wakue na afya na wafaulu mitihani.

Miezi saba amewaombea watoto ambao hawakuwepo. Lakini Mungu hapotezi sala. Pengine alizipeleka shule nyingine.

"Sitakutaja," akamwambia mpishi. "Ila nikikuita, leta kikapu hiki mezani kama kilivyo. Usifungue hata fungu moja."

"Na bosi akiuliza?"

"Mwambie umeitwa na mgeni. Si mgeni ni mfalme?"

Akajipangusa mikono kwenye gauni, akafumba macho kidogo. "Ee Mola, nishikie ulimi wangu mpaka saa yake ifike." Kisha akatoka.

Barazani meza ilikuwa imejaa. Wali, maharage, kuku, mchicha, mayai ya kuchemsha. Katikati alikaa Wifi.

Wifi huyu, dada wa mumewe, ni karani wa ofisi. Habari za chakula asilia alizisoma kwenye simu miezi miwili iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyepumua kwa raha katika ukoo ule. Safari hii aliipanga yeye. Jana njiani alimkuta Mama Mafungu amebeba viazi na mayai ya kula wakisimama, akasema chakula kilichosafiri kinaharibu dunia. Basi akakitupa nje ya dirisha pamoja na mfuko wake wa plastiki, kwa ajili ya kuyalinda mazingira.

"Wifi, ulikuwa wapi?" akauliza sasa. "Chakula chenye uhai hakisubiri mtu."

"Nilikwenda kunawa."

"Nusu saa? Ulikuwa unanawa au unafua?"

Fundi Saa akacheka. Huyo ndiye mume. Ana kibanda cha kutengeneza saa, mtu mpole, mwepesi wa kusifiwa na mwepesi zaidi wa kuamini. Tangu jana jioni alikuwa amevaa buti jipya la mpira alilopewa na mwenye nyumba, na hakulivua hata mezani. Miguu ilikuwa ikimtoka jasho, lakini heshima nayo ina gharama zake.

Binti yao, msichana wa miaka minane waliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa ameshakula nusu ya mchicha.

"Mama, huu mchicha ni kama wa nyumbani!"

"Mtoto huyu!" Wifi akaruka. "Ulimi wake umeharibiwa na vitu vya sokoni. Huu una ladha ya udongo wa hapa, shangazi yako nakwambia. Tafuna taratibu. Kuna utamu fulani unakuja kwa mbali. Kaka, unaupata?"

"Naupata kabisa," akajibu Fundi Saa, ambaye alikuwa na mafua tangu juzi na asingeweza kutofautisha mchicha na gazeti.

"Mama, na wewe?"

Mama mkwe, bibi wa watu, macho yake yana ukungu wa uzee. Aliinua uso kutoka kwenye sahani.

"Mimi napata chumvi haba," akasema.

Hapo ndipo Bwana Asilia alipoingia, mwenye nyumba ya wageni. Kofia ya ukindu kichwani, suruali iliyokunjwa hadi magotini kama mtu atokaye kondeni, na mikono laini kama ya mtoto wa wiki mbili. Nyuma ya sikio alikuwa na kalamu. Chini ya kwapa, karatasi.

"Wapendwa wangu! Mmeusikia udongo?"

"Tumeusikia!" Wifi akaitikia kama yuko ibadani.

"Mama yetu," akainama kwa bibi, "mimi si mtu wa kuchukua shamba la mtu. Mimi ni mtunzaji tu. Wageni wangu watakuja kwenu walione shamba, wachume kwa mikono yao, wapigwe picha. Familia nzima kama hii, baba, mama na watoto. Wajue chakula kinatoka wapi."

"Na mkwe wangu?" bibi akauliza.

"Atakuwepo! Tutamshonea nguo nzuri. Atasimama langoni, awapokee wageni, atabasamu."

"Nani atalima?"

"Mwanzoni tutapanda nyasi, mama. Nyasi na maua. Wageni hawapendi matope."

"Nyasi," bibi akarudia. "Tutakula nyasi."

"Mama, usiwe mgumu," Wifi akamkatiza. "Dunia inabadilika. Tia sahihi, tumalize."

Bwana Asilia akaiweka karatasi mezani, akasogeza kalamu mpaka ikagusa vidole vya bibi. Vidole vikajikunja juu ya kalamu.

Mama Mafungu aliitazama kalamu ile. Miaka kumi na minne! Kila tuta pale alikuwa analijua kama anavyojua meno yake. Ada za Chiriku zilitoka pale. Dawa za bibi zilitoka pale. Hata vile vibisibisi vya mumewe, vya kufungulia saa za watu, vilinunuliwa na mchicha.

"Bwana," akasema, "kabla mama hajaandika, nina ombi dogo."

"Sema, mama. Hapa kwetu hakuna ombi dogo."

"Nataka nikuone unavyofunga fungu la mchicha."

"Wifi!" karani akafoka. "Aibu gani hizi unatuletea mbele za watu?"

"Aibu iko wapi? Mkulima kufunga mboga ni aibu? Mimi nafunga mia kwa siku, sijawahi kuona haya."

Wageni wa meza za jirani walikuwa wameanza kugeuza shingo. Bwana Asilia akaona kwamba kukataa kutasikika mbali kuliko kukubali. Akacheka, akashuka ngazi, akaingia katika matuta yake manne, akachuma majani machache huku akirukaruka ili asichafue viatu. Akarudi.

Mama Mafungu akafungua mkoba. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye harusi hutembea na kamba za mgomba mkobani, kama wengine watembeavyo na leso. Akampa moja.

Bwana Asilia akaizungusha mara moja. Akaizungusha tena. Akavuta huku, akavuta kule, akatoa ulimi nje. Mwishowe akafanya vitanzi viwili, akaviunganisha, akanyanyua fungu lake juu kwa fahari.

"Baba!" Chiriku akapiga kelele. "Amefunga kama kiatu!"

Fungu likafumuka. Majani yakamwagika kwenye wali wa Wifi.

Meza ya jirani ikacheka. Bwana Asilia naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na ufa.

"Siku hizi nina wafanyakazi wa kufunga," akasema.

"Vizuri. Basi tuwaone kazi yao. Mpishi! Leta kikapu cha mboga!"

Mpishi akatoka jikoni akiwa ameinamisha kichwa, akaweka kikapu mezani, akarudi mbiombio kama aliyewasha baruti. Mama Mafungu akachukua fungu moja, akaliweka katika kiganja cha mama mkwe.

Bibi haoni vizuri, lakini vidole vyake havijazeeka. Vikaipapasa kamba. Vikahesabu mizunguko. Vikafika kwenye fundo, vikasimama.

"Nani kafunga hili?"

Bwana Asilia akaishusha kofia usoni.

"Nauliza tena. Mizunguko mitatu, ncha imepita chini, mkia umeachwa wa kidole kimoja ili fungu litundikwe msumarini. Na fundo limekwenda kushoto." Bibi akainua uso. "Mimi ni shoto. Nilipokuwa na nguvu nilifunga mboga hivi, na watu walinicheka. Maisha yangu yote nimemfundisha mtu mmoja tu. Naye si shoto. Alijifunza kinyume, kwa heshima yangu, alipoingia nyumbani kwangu akiwa bibi arusi. Mkwe wangu, uko wapi?"

"Nipo, mama."

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu, mama. Imevunwa Jumanne. Leo ni Ijumaa."

Bibi akaliweka fungu mezani taratibu.

"Kwa hiyo," akasema, "mmenipakia garini kwa saa sita. Mgongo umevunjika kwa mashimo. Mmenikataza yai langu njiani. Yote hayo ili nije kula mchicha wangu mwenyewe, ukiwa umelala siku tatu?"

"Lakini..." Wifi alikuwa amekauka, majani bado kwenye wali wake. "Lakini ule utamu... ule wa mbali..."

"Kuhusu mbali hukukosea, wifi," Mama Mafungu akamjibu. "Hilo nakupa."

Kuna watu wakikamatwa huomba msamaha. Kuna wengine wakikamatwa huomba kiti. Bwana Asilia alivuta kiti cha kichwa cha meza, akakaa, akavua kofia.

"Kwani kuna ubaya gani?" akasema. "Mimi nawauzia watu wanachotaka. Mboga wanazo kwao. Wanasafiri na watoto wao kufuata maneno, na maneno mimi ninayo mengi, mabichi, ya hapahapa. Nani ameumia? Kwanza, mama yetu, ndiyo sababu hasa nalitaka shamba lako. Nimechoka kusema uongo. Nisaidie niwe mkweli."

Hebu fikiri, msomaji. Mwizi amekamatwa na kuku, anaomba apewe na banda ili asiibe tena.

"Kalamu yako hii hapa," bibi akasema. "Irudishe sikioni. Sitii sahihi. Na hata ningetaka, nisingeweza. Shamba si langu."

"Si lako?" Wifi na Fundi Saa walisema kwa pamoja.

"Mwaka jana, nilipotoka hospitali, nilikwenda ofisi ya ardhi. Nikaliandikisha kwa jina la mkwe wangu. Cheti kiko ndani ya godoro langu, upande wa ukutani."

Kijiko cha Wifi kikaanguka. Mama Mafungu mwenyewe alishika kifua. Hakujua! Miaka yote amelima akijihesabu mpangaji wa huruma, kumbe analima chake! Furaha ikampanda, na pamoja nayo ikapanda dharau. Akamtazama Wifi, akamtazama Bwana Asilia, kama mtu anavyotazama sahani zilizokwisha kuliwa. Tumsamehe. Hata wanaosali wana dakika yao ya kujivuna, na yake haikuwa ndefu.

Fundi Saa alikuwa amesimama.

"Mama. Mimi mwanao wa kuzaa?"

"Wewe ni mwanangu. Yeye ndiye aliyeshika jembe."

"Na mimi nikawa nani? Mtaa mzima naitwa mume wa Mama Mafungu. Mwalimu wa mtoto ananiita mume wa Mama Mafungu. Mtu analeta saa yake mbovu, anauliza, hapa ndipo kwa mume wa Mama Mafungu? Leo na wewe mama yangu?"

Mkewe akanyoosha mkono amguse, maana alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo.

Hakumfikia. Honi ililia nje.

Gari jeupe likaingia uani, likarudi kinyumenyume hadi karibu na baraza. Mama Mafungu akageuka polepole.

Ijumaa. Siku ya mzigo. Lakini mchicha wa Ijumaa hukatwa naye mwenyewe alfajiri, na leo alfajiri alikuwa amelala katika chumba namba nne cha nyumba hii.

"Leo sikuvuna," akasema. "Huyu amebeba nini?"

Akashuka ngazi mbio. Dereva alikuwa tayari anafungua milango ya nyuma. Milango ilipoachia, mzigo ulimwagika wenyewe mpaka chini.

Ndani hapakuwa na fungu hata moja. Mchicha ulikuwa umeng'olewa na mizizi yake, udongo bado umeshikamana, umepakiwa toka sakafuni hadi darini. Miche midogo ya wiki iliyopita. Mimea mikubwa ya mbegu aliyoitunza kwa msimu mzima. Shamba lote lilikuwa limepanda gari na kumfuata.

"Mama Mafungu?" Dereva akakodoa macho. "Uko huku? Si walisema umehama?"

"Nimehamia wapi? Nani kasema?"

"Tuliambiwa tung'oe yote, kusibaki kitu. Trekta linaingia saa saba."

Saa ya ukutani barazani ilionyesha saa saba kasorobo.

"Lango nililifunga kwa kufuli. Nani kawafungulia?"

Dereva akajikuna shingo. "Ufunguo tulipewa."

Mama Mafungu hakungoja zaidi. Akamgeukia Wifi, na yote aliyoyameza kwa miaka kumi na minne yakapanda kooni.

"Wewe! Viazi vyangu ulivitupa nikanyamaza. Ulimi wa mwanangu ukautukana nikanyamaza. Roho yako imeoza kuliko mboga za Jumanne!"

"Si mimi!" Wifi alikuwa analia kweli. "Wallahi si mimi, wifi! Mimi nilijua habari ya karatasi tu!"

"Nani basi?"

Dereva akainua kidole. Kikampita Wifi. Kikampita bibi. Kikatua kwenye buti jipya la mpira.

"Yule mzee wa buti," akasema.

"Baba Chiriku?"

Fundi Saa hakuinua macho.

"Nimepewa cheo," akasema. "Meneja wa shamba. Nitakuwa na ofisi, na jina langu mlangoni. Langu, si lako."

"Na safari hii? Kula vya asili, mtoto aione dunia, familia ipumzike?"

"Ulitakiwa usiwepo shambani. Ungekuwepo usingekubali."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa! Chumba namba nne, baraza, kuku, mayai, maneno yote ya udongo. Yote yalikuwa kamba ya kumvutia mwanamke mmoja mbali na tuta lake.

"Simu," Mama Mafungu akasema.

"Mke wangu..."

"Toa simu. Mpigie mwenye trekta. Sasa hivi!"

Akapiga. Sauti ikawekwa nje ili wote wasikie. Ikaita mara moja tu.

"Bosi! Afadhali umepiga! Nimefika mapema, lakini siwezi kuingia. Akina mama wa sokoni wamejaa huku. Wameona matuta yameng'olewa, wamekuja mbio na aproni zao. Wamekaa chini katikati ya shamba. Wanasema hawaondoki mpaka mwenye shamba aseme."

Mama Mafungu akampokonya simu. "Mimi ndiye mwenye shamba! Zima trekta!"

"Samahani, mama. Mimi sikujui. Nimeagizwa na Fundi Saa. Neno lake ndilo nalifuata. Mpe aongee."

Akaisogeza simu mdomoni mwa mumewe.

"Neno moja, Baba Chiriku. Mwambie asimame. Mengine tutayaongea nyumbani, na nitakusikiliza, haki ya Mungu nitakusikiliza."

"Mwanangu," bibi akasema. "Usifanye kwa hasira jambo la kujutia."

"Baba, sema," Chiriku akamvuta shati.

Bwana Asilia alisimama tu, akakivuta kile kiti chake cha kichwa cha meza, akakigeuza kumwelekea Fundi Saa, akakipangusa kwa kofia.

Fundi Saa akakitazama kiti. Akamtazama mama yake aliyemnyima. Akamtazama mkewe aliyepewa.

"Bosi? Nasubiri. Nisimame au nilime?"

"Lima," akasema Fundi Saa.

Simuni injini ikanguruma. Nyuma yake sauti za akina mama zikapanda, wanaomba kwa sauti kubwa, na Mama Mafungu akazitambua moja moja. Muuza vitunguu na kikohozi chake. Muuza ndizi. Muuza nyanya, ambaye siku zote huwa wa kwanza kusema amina. Ngurumo ikakua. Ikawafunika mmoja baada ya mwingine, mpaka simu yote ikawa chuma tupu.

Halafu injini ikazimika ghafla.

"Haloo?" Mama Mafungu akaita. "Haloo! Semeni! Mko salama?"

Hakuna aliyesema amina. Kisha mwenye trekta akarudi kwenye simu, na sauti yake haikuwa tena ya mtu mzima.

"Bosi," akasema, "mimi niliwaona waliokaa. Huyu aliyelala chini sikumwona."